Salamu za Asiyekuwepo

Jumapili, 2 Februari

Mama,

Shikamoo. Usishtuke kupata barua badala ya simu. Hili nikikupigia utalia, nami nitalia, na salio litaisha tungali tunalia.

Mdogo wangu yuko kwangu. Amekuja juzi na begi moja na viatu alivyovaa. Nilipomfungulia mlango wa hivi vyumba viwili nilivyopanga, alipita moja kwa moja mpaka jikoni, akaosha vyombo vyangu vilivyokuwa vimelala, ndipo akaniambia ameondoka kwa mumewe. Sikumuuliza kitu. Kutwa nzima nawauliza madiwani mambo wasiyotaka kuyasema, nikirudi nyumbani sina tena swali hata moja mdomoni.

Hakupigwa, Mama. Hakuna mwanamke mwingine. Anasema mumewe si mtu mbaya, ila amechoka kuishi na mtu ambaye ukimwambia kinachokuuma anakujibu "itakaa sawa", kisha anarudi kwenye kompyuta yake. Siku ya kuondoka alimwambia, "Nakwenda." Mume akasema, "Sawa, tutazungumza," bila hata kugeuza shingo. Tangu hapo anamtumia ujumbe wa simu kumwambia yuko salama, basi. Na mwenzake hamuulizi yuko wapi.

Sasa ameniwekea sharti. Nisimwambie shemeji kwamba yuko hapa mpaka shemeji mwenyewe amwambie mtu, mtu mmoja tu duniani, kwamba mkewe ameondoka. Nikamwambia huo ni utoto. Akanijibu, "Si ndicho wewe na yeye mnachokiita utafiti?"

Nimekwama. Mimi na shemeji tunafanya kazi moja na tunaandikiana kila mara. Nitamwandikiaje mtu ambaye mkewe yuko jikoni kwangu, nijifanye sijui? Ndoa yangu mwenyewe ilinishinda, sitaki kuwa hakimu wa hii. Nakuomba, akikupigia, usiseme neno. Mdogo wangu anataka kurudi, Mama, hilo naliona hata akikana. Ila hatarudi kwa mtu ambaye hajagundua kuwa hayupo.

Binti yako mkubwa

*

Alhamisi, 6 Februari

Shemeji, Mama Maswali,

Salamu nyingi. Bahasha yako ya mahojiano ya Mji wa Kiwanda imefika, kona moja imelowa chai. Kama ni chai ya mwenyekiti wa halmashauri, iandike kwenye gharama.

Ofisini tupo hivyohivyo. Feni inazunguka pale inapojisikia, kiti changu kimepoteza gurudumu, na mkuu wa idara kila akipita mlangoni anauliza ripoti. Jana aliniuliza tena kwa nini tusiite tu takwimu zikatoa jibu. Nikamweleza, kwa mara sijui ya ngapi, kwamba halmashauri za mseto, zile zinazoongozwa na vyama viwili vilivyoungana, ziko tisa. Tisa ni chache mno kwa takwimu zangu, na ni nyingi mno kwa hadithi zako. Ndiyo maana tukachukua njia ya katikati: kila halmashauri inapewa alama kwa kila sharti, kutoka sifuri mpaka moja. Je, vyama viwili viliandikiana mkataba? Viti vyao vinakaribiana? Wana mpinzani mmoja wa kuwatisha wote? Wakuu wao wawili wanaelewana? Kisha tunapanga halmashauri zenye masharti yanayofanana mstari mmoja, tuone ni mseto gani umedumu na upi umevunjika. Akasema, "Kwa hiyo si hesabu wala si hadithi." Nikasema ndiyo. Akaondoka akiwa amechoka kuliko alivyokuja.

Tatizo letu ni moja. Mji wa Daraja na Mji wa Kiwanda imeangukia mstari mmoja. Masharti yote manne sawa, na hata dodoso langu linaonyesha wananchi wa kote kuwili wanaridhika kwa kiwango kilekile. Lakini Daraja mseto unadumu, na Kiwanda umekufa, bajeti haipiti. Mstari mmoja, majibu mawili. Hilo haliwezi kwenda kwenye ripoti. Chimba Kiwanda, shemeji. Na kumbuka kanuni yetu: alama hazijadiliwi kwa simu. Ziandikwe, ili kesho asitokee mtu wa kusema hakusema.

Mdogo wako anakusalimu sana. Anasema usitembee juani bila kofia, na hiyo miwani uache kuikalia.

Shemeji yako,
Bwana Nukta

*

Jumatano, 12 Februari

Bwana Nukta,

Chai ilikuwa yangu. Ya mwenyekiti haikuja, niliahidiwa tu.

Nimekaa kwenye benchi la korido ya halmashauri ya Kiwanda mpaka mgongo umechukua umbo la benchi. Karani amezoea sasa, ananiita mwajiriwa mwenzake. Nimewahoji tena mwenyekiti na makamu wake, kila mmoja kwa wakati wake. Unakumbuka hawa ni wa vyama viwili tofauti, na walipoungana walipigiwa makofi mji mzima. Mwenyekiti anasema, "Sina ugomvi wowote na makamu wangu." Makamu, ambaye nilimkuta nyumbani kwake anapaka rangi geti, anasema, "Yule ni mtu mwema sana." Nikamuuliza mbona basi huendi vikaoni? Akachovya brashi, akaipangusa ukingoni mwa kopo, akasema, "Hakuna aliyeniuliza swali hilo mpaka leo."

Sasa sikiliza. Nimesoma mihtasari ya vikao. Tangu makamu na madiwani wake waache kuhudhuria, kila muhtasari una mstari uleule: "Makamu na wenzake wametoa udhuru." Kila kikao. Nikamuuliza karani udhuru huo uliletwa na nani, kwa barua au kwa simu? Karani akaangalia mlango, akasema haukuletwa. Mwenyekiti ndiye anayeagiza uandikwe. Nilipomrudia mwenyekiti hakukana. "Nilitaka kulinda heshima yake," akasema, "nikidhani atarudi kabla watu hawajajua." Alisema kwa upole kweli, shemeji, si kwa hila. Nilimhurumia. Mtu anamtolea udhuru mwenzake ambaye hakuomba udhuru, huku bajeti inaoza mezani.

Linganisha na Daraja. Kule makamu aliondoka kikaoni kwa hasira mara mbili, mlango ukabamizwa mpaka picha ikaanguka. Mwenyekiti wake alisimama palepale akawaambia madiwani, "Makamu wangu ameondoka, na mimi ndiye niliyemuudhi." Kisha akaenda kumfuata kwenye duka lake la mbao, akamkuta na wateja, wakagombana mbele ya wateja. Wiki iliyofuata walikuwa meza moja. Kule wanagombana kila mwezi na mseto unadumu. Mficha uchi hazai, wahenga walishasema, tena bila ruzuku ya utafiti.

Nadhani tunakosa sharti la tano, ila sijalipatia jina. Nipe alama zako mpya za Kiwanda tuone.

Mdogo wangu nimsalimie vipi zaidi ya hivi? Mwambie nimemkumbuka. Mwambie aniandikie mwenyewe, mkono wake haujavunjika.

Shemeji yako,
Mama Maswali

*

Jumatatu, 17 Februari

Mwanangu,

Mkweo wa zamani alikuwa akisema mimi nina mdomo. Sasa ona: yule bwana alipiga jana, akanijulia hali, akauliza goti langu, akasema huko nyumbani wote wazima, mke wake anapumzika. Anapumzika! Nikaziba simu kwa kiganja nikavuta pumzi. Sikusema neno. Nimezeeka mimi, msinipe tena kazi kama hii.

Lakini nikwambie. Alipomaliza hakukata. Alibaki kimya kwenye simu, nikawa namsikia anapumua, mpaka nikamwambia, "Baba, upo?" Akasema, "Nipo, Mama. Nilikuwa nasikiliza tu." Mwambie mdogo wako.

Mama

*

Ijumaa, 21 Februari

Shemeji,

Mihtasari nimeisoma. Umefanya kazi nzuri, kama kawaida yako. Nimeweka alama mpya na kuendesha mashine, ile programu yetu ya kupanga mistari, na nina habari ya kukufurahisha: ule mgongano umeondoka. Kila mstari sasa una jibu moja. Nimeambatanisha jedwali. Mkuu wa idara ameliona akatabasamu, sijamwona akitabasamu tangu tulipofungiwa maji. Anataka lipelekwe kwa wafadhili mwisho wa mwezi.

Huhitaji tena kukaa kwenye benchi hilo. Rudi kwako upumzike mgongo. Sote tumechoka.

Mdogo wako hajaandika kwa sababu ana mafua kidogo. Anakusalimu. Anasema ukila peke yako usile umesimama, kaa chini kama mtu. Anasema pia nyumba ina kelele siku hizi ingawa mtoto yuko shule ya bweni, sijui alikuwa na maana gani.

Bwana Nukta

*

Jumatano, 26 Februari

Shemeji,

Leo sina utani.

Nimelisoma jedwali lako nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, nikalisoma tena. Halmashauri ziko nane. Tulianza na tisa. Kiwanda haimo.

Nimerudi kwenye karatasi yako ya alama. Kwenye sharti la maelewano ya wakuu wawili, Kiwanda umeipa nusu. Nusu kamili. Wewe! Wewe uliyenifundisha kwamba mashine yetu haipokei nusu. Ukiwa juu ya nusu, umo. Ukiwa chini ya nusu, humo. Nusu yenyewe haina pa kukaa, mashine inashindwa kuipeleka mstari wowote, inaiacha nje kimyakimya bila hata kukuambia. Ulinichekea mwaka jana nilipotaka kuupa Mji wa Reli nusu. Ulisema nusu ni alama ya mtu anayeogopa kwenda kuuliza. Yalikuwa maneno yako, nimeyaandika.

Kwa hiyo mgongano haukuondoka. Uliondoa mji. Umechukua wiki zangu za benchi, na mwenyekiti, na makamu na kopo lake la rangi, umewatoa nje ya mlango, kisha ukaniambia nifurahi.

Ungenipa sifuri nukta sita, ningesema haya, unaamini wanavyosema: sina ugomvi, ni mtu mwema. Mgongano ungebaki na tungeufanyia kazi. Ungenipa sifuri nukta tatu, ningesema haya, umeona kwamba watu wawili wanaweza kusifiana vizuri na wawe wameshaachana. Tungebishana, tungepata jibu. Lakini nusu? Jedwali hili sitalitia sahihi. Likienda bila sahihi yangu, mkataba wetu unakufa, nawe unajua hakuna atakayetupa mwingine.

Sidhani ni kwa ajili ya mkuu wa idara wala wafadhili, nakujua hujawahi kumwogopa mtu mwenye tai. Kuna kitu kingine. Kazi yangu ni kuuliza, basi nakuuliza kama ninavyowauliza wengine, na jibu lolote nitaliandika kama lilivyo.

Kwa nini nusu, shemeji?

Mama Maswali

*

Jumapili, 2 Machi

Shemeji,

Nimeandika barua hii mara kadhaa. Za mwanzo zote zilikuwa na majedwali.

Sikusahau kwamba mashine haipokei nusu. Usinitetee kwa hilo. Nilijua itaiacha Kiwanda nje, na niliiendesha.

Niliweka karatasi zako mbili mbele yangu, ya mwenyekiti na ya makamu. Nikaandika nukta sita. Nikafuta. Nikaandika nukta tatu, nikaitazama, nikafuta haraka kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Maana ukisema nukta tatu, umesema kwamba hawa wawili wamekwisha achana, ingawa hakuna aliyemtukana mwenzake, ingawa kiti cha makamu kipo palepale na faili zake ziko juu yake. Na nyumbani kwangu kuna kabati lenye nguo, na sandali mlangoni, na miwani ya kusomea juu ya redio.

Mke wangu ameondoka.

Ni tangu mwisho wa Januari. Alisema "nakwenda" nikasema "sawa, tutazungumza". Nilikuwa natafuta kosa kwenye safu moja ya takwimu na nilidhani amekwenda dukani. Huo ndio ukweli wake, na naona aibu kuuandika. Jioni nikajua hakwenda dukani. Sijui yuko wapi. Ananitumia ujumbe kwamba yuko salama, nami sijamuuliza mahali, kwa sababu nikiuliza atanijibu, na jibu nitalazimika kuliwekea alama.

Salamu zote nilizokupa zilikuwa zangu. Nilizitunga mimi. Hana mafua, au kama anayo mimi sijui. Mama nilimdanganya anapumzika. Mtoto shuleni nimemwambia Mama yuko kazini. Mtunza mlango wa ofisi aliniuliza mbona nakula hapa siku hizi, nikamwambia nyumbani tunapaka rangi. Ulipoandika habari za ule udhuru nilifunga mlango. Nilikuwa namsoma mwenyekiti wako na uso wangu unawaka. Alisema alidhani atarudi kabla watu hawajajua. Sina maneno bora kuliko hayo, angalau yeye aliyasema kabla yangu.

Wewe ni dada yake. Nilikuwa nikuambie wewe kwanza, badala yake nikakutolea udhuru usioombwa katika kila barua. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, bado naomba unisaidie kumtafuta. Sijui pa kuanzia. Nimegundua namjua rafiki yake mmoja tu kwa jina, na huyo alihama zamani.

Kuhusu kazi: Kiwanda nimeipa nukta tatu. Sharti lako la tano nimelipatia jina, uone kama litafaa: "Aliyebaki anasema wazi kwamba mwenzake ameondoka." Daraja ndiyo. Kiwanda hapana. Nimerudia zile nyingine saba kwa kutumia maandishi yako ya zamani, na mbili sina uhakika nazo, hizo itabidi ukaulize. Jedwali nimelirudisha mezani kwa mkuu wa idara na kumwambia ni bovu na mimi ndiye niliyeliharibu. Hakutabasamu.

Nyumbani kwangu, mpaka leo asubuhi, hapana. Sasa nimekuandikia.

Ameondoka, shemeji. Hakutoa udhuru, na hakuwa na sababu ya kuutoa.

Shemeji yako

*

Jumamosi, 8 Machi

Baba Fulani,

Naanza na jina hilo maana sijui nikuite nani leo.

Barua yako Dada ameisoma kwa sauti mezani, kama anavyozisoma zako zote. Alipofika katikati akanipa mimi nimalizie. Niko kwake. Nimekuwa kwake tangu siku ile. Usimkasirikie, mimi ndiye niliyemfunga mdomo, na Mama pia, na wote wawili wameteseka kuliko mimi.

Kwa hiyo salamu zangu nimezipata. Zote. Ile ya mafua niliisikia nikiwa nakata kucha, mzima wa afya. Nilikasirika mpaka nikajikata. Nikasema, mtu huyu amepata mke rahisi kuliko mimi: haongei, anasalimu tu, na akichelewa kuandika anapewa mafua.

Halafu ile ya kofia na miwani, na ile ya kula. Hizo nilimwomba Dada azirudie. Usile umesimama, kaa chini kama mtu. Hayo maneno ni yangu. Nilikuambia wewe, mwaka tuliohamia nyumba ile, ulikuwa unakula umesimama huku unatazama kompyuta na hukuinua uso. Na ile ya nyumba kuwa na kelele wakati haina mtu, nilikuambia mwezi wa Desemba, ukajibu "itakaa sawa". Kumbe ulikuwa unasikia. Miaka yote nimeamini husikii. Sijui kama hilo linanifariji au linaniumiza zaidi, maana kama ulikuwa unasikia, kwa nini hukujibu?

Dada amefurahi kuhusu Kiwanda. Tangu asubuhi anazunguka chumba akisema "sharti la tano, sharti la tano". Anasema jedwali likija sawa atatia sahihi. Hayo ni yenu.

Mimi sijasema narudi. Sijasema sirudi pia. Najua ukisoma hapa mkono wako utakwenda wenyewe kuniwekea nusu. Usithubutu. Mimi mwenyewe sijui niko juu au chini, na wewe hujui, na hakuna karatasi itakayokuambia.

Basi la asubuhi linafika hapa saa ya chakula. Niletee ile miwani ya juu ya redio. Kompyuta iache.

Kama hujui, njoo uulize.

Mimi